Saa ya Seva

Msimu wa korosho hauna usiku. Lori litokalo Ruangwa huweza kuingia Nachingwea saa nane za usiku, na karani wa ghala huamka, akapima magunia, akaandika. Msimu ule nilitoka Unguja kwenda kuitazama seva ya ghala moja, nikamkuta karani, mtu wa makamo, ametuhumiwa wizi. Stakabadhi ilisema mzigo umepokelewa saa tano za usiku, tarehe ya jana yake. Mkulima aliapa kwamba saa hiyo magunia yalikuwa bado uani kwake Ruangwa. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani karatasi ndiyo korosho yenyewe. Ikisema uongo, mtu amelima bure.

Wote wawili walikuwa wakweli. Seva ilihesabu saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa 3. (Sisi tuanzao siku kwa magharibi tungeona saa tano na saa nane za usiku mmoja ni siku moja, mashine hubadili tarehe saa sita ya usiku.)

Niliandika amri ya export, nikakipa kigeu cha TZ thamani Africa/Dar_es_Salaam, nikaiwasha programu kwa mkono wangu. Tarehe zikanyooka, chai ikaletwa. Usiku umeme ukakatika. Seva iliporejea, ikarejea na Greenwich yake.

Ningalijua. Tangu toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, vigeu vya mazingira hurithiwa kwa kushuka tu: programu mzazi humpa mtoto nakala, na kilichotamkwa katika kikao kimoja hufa na kikao hicho. Nikakiandika katika faili la .profile, nacho hakikudumu, kwani faili hilo husomwa mtu aingiapo kwa jina lake, ilhali programu ya ghala huamshwa na systemd, mtu yeyote hajaingia. Mwisho nilikiweka katika faili la huduma yenyewe, mstari wa Environment chini ya sehemu ya Service. Kisha nikaizima seva kwa makusudi.

Ilipowaka, karani alitazama saa ya ukutani, akatazama kioo.

“Haitasahau tena, mwanangu?”

“Haitosahau, mzee.”

“Basi niandikie. Kwa kalamu.”

Nikamwandikia karatasi ya kumwonesha mkulima, nikaweka saini, na tarehe mbili za mzigo ule: ya seva, na yetu.