Kuipunguza Mada
Mtaka yote hukosa yote. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alileta pendekezo la tasnifu lenye anwani "Mwanamke katika Ushairi wa Kiswahili". Msimamizi wake hakulikataa. Alimuuliza tu: mwanamke yupi, katika shairi lipi? Swali lilimkera. Kuipunguza mada, kwake, kulikuwa ni kuwafungia wanawake wengi nje. Hatimaye alibaki na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, kisha na jambo moja: anayeusia utii ni mama mjane, mgonjwa, anayemwachia bintiye ulimwengu asioweza kuugeuza. Hapo aliacha kuzihesabu beti za utii, akaanza kuuliza zilitungwa kwa hofu gani. Wanawake aliodhani amewafungia nje walikuwamo ndani ya swali hilo.