Tatu Iliyogeuzwa Nane

Kijana anayetusaidia kutunza seva hapa Bukavu ana shahada, ana adabu, na mikono yake ni myepesi kwenye kibodi kuliko yangu ilivyopata kuwa. Mwezi uliopita nilimkuta anafunga AIDE, ile programu inayokagua kama faili za seva zimeguswa. Nikafurahi. Nikamuuliza hifadhidata yake, yenye kumbukumbu ya hali ya faili hizo, ataiweka wapi.

"Palepale kwenye seva, mzee, ndani ya /var/lib/aide. Ndivyo inavyojipanga yenyewe."

Nikamwambia kwetu Nyangwe mwenye duka asiyejua hata taa ya umeme asingekubali upuuzi huo. Akacheka kwa heshima, akauliza Nyangwe iko wapi. Mtoto wa Kindu, Maniema ileile!

Nyangwe ninayoijua mimi ilikuwa na njia ya miembe iliyoshuka hadi mto Lualaba, na duka la mjomba wangu lilikuwa mahali njia inapoanza kuteremka. Ukiingia unapokewa kwanza na makayabu, harufu ya samaki wa chumvi ambayo hung'ang'ania nguo mpaka zifuliwe mara mbili. Nyuma yake mawese, nyuma ya mawese sabuni ya miche, na chini kabisa, karibu na sakafu, mafuta ya taa. Mjomba mwenyewe alinukia karafuu, alizozitafuna kwa ajili ya jino bovu ambalo hakukubali ling'olewe.

Aliuza kwa mkopo. Angefanyaje, na mshahara wa walimu ulikuja ulipotaka, na mpunga una msimu wake? Mikopo yote aliiandika kwenye kaye ya jalada jeusi, kwa kalamu ya zambarau, ile inayolambwa kwanza ndipo ikolee. Kufika jioni ulimi wake ulikuwa zambarau, na sisi watoto tulimsemesha makusudi ili tuuone. Kabla ya kuandika neno la kwanza kwenye kaye mpya alihesabu kurasa, akatia namba kila ukurasa, akaweka sahihi pembeni. Alikuwa amewahi kuwa karani wa pamba Kasongo, akajifunza huko jinsi vitabu vya serikali vinavyofunguliwa: ukurasa ukichanwa, namba inasema.

Lakini kaye iliyonifunza kazi ni ya pili. Hiyo ilikaa nyumbani, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mkewe. Kila jioni mjomba alimsomea ya siku ile, naye mkewe akaandika kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu kilekile, kama baba yake alivyomfundisha chuoni. Wanaodhani herufi zile zilikuwa za Kurani peke yake wakumbuke kwamba Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha namna hiyohiyo. Kijana wa dukani alisoma kwa mapadri. Kaye ya nyumbani hakuweza kuifikia, na hata angeifikia asingeweza kuisoma. Ijumaa baada ya sala, mume na mke waliketi barazani wakalinganisha mstari kwa mstari.

Ilikuwa 1974 au 1975. Nimejaribu kuubana mwaka: maduka ya wageni kule Kasongo yalikuwa yamekwisha kutwaliwa, na sabuni ilikuwa imeanza kuadimika, kwa hiyo haiwezi kuwa kabla ya hapo. Tuuache. Mjomba alisoma jina la mvuvi mmoja, akasema, "Chumvi, pakiti nane."

Mkewe hakuinua kichwa. "Tatu."

"Nane, mama watoto."

"Mimi ninayo tatu."

Mjomba akatoka na kaye juani, nami nikamfuata. Namba ile, upande wake wa kulia ilikuwa zambarau iliyokolea. Vipande viwili vya kushoto, vilivyoifunga tatu ikawa nane, vilikuwa vya kijivu. Aliyeviongeza alisahau kulamba kalamu.

Kijana akaulizwa, akakana, akalia, akarudi kwao Kabambare. Mvuvi hakuambiwa kamwe kwamba nusura alipe pakiti tano za chumvi ambazo hakuzitia mdomoni.

Kuna habari nyingine ya maandishi ya Nyangwe, na hiyo niliipata nikiwa mtu mzima. Mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai 1871 siyasimulii. Anayetoka Maniema anayajua, na asiyejua aulize wazee wangali hai. David Livingstone, yule msafiri Mskoti, alikuwapo. Aliandika kwamba Waarabu wafanyabiashara wa pale wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, na soko lile, kama masoko yetu yote, lilikuwa la wanawake. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya maandishi ya gazeti la Kiingereza, The Standard la Novemba 1869, akivuka mistari iliyochapwa, kwa wino wa rangi ya mimea ya hapohapo. Baadaye akanakili habari hizo kwenye shajara yake kubwa. Alipokufa, rafiki yake Horace Waller akazitoa katika kitabu mwaka 1874, na dunia ikasoma kitabu kwa zaidi ya miaka mia moja. Kurasa za gazeti zilibaki Uskoti, wino ukafifia, hata jicho halikuona kitu ila gazeti.

Mwaka 2011 watafiti waliokuwa chini ya Adrian Wisnicki walitoa maandishi yale ya kwanza, baada ya kupiga picha kila ukurasa kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata na ile isiyoonekana kwa macho, mpaka wino ukatengana na gazeti. Wakayalinganisha na nakala. Hayakuwa sawa. Kwenye kurasa za gazeti Livingstone anawalalamikia watu wa msafara wake mwenyewe kwa ukali ambao katika nakala umepunguzwa, na watafiti wakauliza kama baadhi yao hawakuwa na mkono katika mambo ya siku ile. Simwiti mwongo. Mtu akinakili hulainisha. Ila kurasa za gazeti zingechomwa baada ya kunakiliwa, hakuna ambaye angejua kwamba kuna kilicholainishwa, na waliouawa pale ni bibi zetu.

Nilipoanza kazi ya seva, kwenye Red Hat 7 iliyotufikia kwa CD, sikuona jambo geni katika Tripwire, programu ya kazi ileile ya AIDE: ni kaye ya pili tu. Iliandikwa mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na mwanafunzi Gene Kim pamoja na mwalimu wake Eugene Spafford. Siku ya kwanza inapitia faili muhimu, inaandika ukubwa wa kila moja, mmiliki wake, ruhusa, saa ya kubadilishwa, na alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, kiasi kwamba ukigeuza herufi moja alama nzima inageuka. Siku zinazofuata inakokotoa upya na kulinganisha. Mvamizi anaweza kurudisha saa ya kubadilishwa kwa amri moja tu ya touch. Alama ya yaliyomo hairudishi. Toleo letu lilitaka nywila mbili, moja ya kanuni na moja ya hifadhidata, na baada ya hapo tulichoma hifadhidata kwenye CD na kuifungia kabatini. CD haiandikwi mara ya pili. Mkuu wa ofisi alidhani tunaficha sinema.

AIDE ikaja 1999, kazi ya Wafini wawili, Rami Lehti na Pablo Virolainen, huru kwa kila mtu. Wanaobisha kwamba haina faida nawakumbusha Novemba 2003, seva za mradi wa Debian zilipovamiwa. Mashine zilianza kusumbua kwa namna isiyoeleweka, na AIDE, wakati huohuo, ikaripoti kwamba /sbin/init imebadilishwa. Init ndiyo programu ya kwanza kuamka seva inapowashwa. Wakazima, wakachunguza, wakamkuta mgeni. Walioiona ripoti ile walikuwa watu waliosoma barua pepe zao.

Baada ya hapo miaka ilikimbia. Kati ya njia za kukokotoa alama, MD5 ilivunjwa 2004, SHA-1 ikafuata 2017, sasa tunatumia SHA-256 na alama ya herufi 64. Programu kama Wazuh inakagua kila saa 12 bila kuombwa, na ukitaka inakuambia papo hapo faili ikiguswa. Vyombo vimekuwa bora, sibishi.

Watu ndio wamelegea. Naingia ofisi fulani, nisiyoitaja, naonyeshwa kwa fahari kundi la WhatsApp ambamo seva inatuma maonyo. Maonyo 900 hayajasomwa, na kundi limenyamazishwa sauti. Kwa nini 900? Kwa sababu wameiambia programu ichunge /var/log, mahali ambapo faili hubadilika kila dakika kwa sababu ndiyo kazi yake. Wengine wanafanya vibaya zaidi: ripoti ikija na mabadiliko, wanapiga amri ya kusasisha hifadhidata bila kusoma, nane inaandikwa kwenye kaye zote mbili, na asubuhi kila kitu ni kijani.

Ninyi mnaotunza seva za hospitali, za vyuo na za ofisi za ardhi huko Kindu, Kasongo na hapa kwetu: tengenezeni hifadhidata seva ingali mpya, kabla haijaonja intaneti. Nakala yake iwekeni kwenye mashine nyingine ambayo nywila ya root ya seva haiifungui, na mlinganishe na nakala hiyo. Ondoeni /var/log kwenye orodha. Mkifunga programu mpya, someni kwanza kilichobadilika, ndipo msasishe. Na ripoti ya kila asubuhi ipewe mtu mmoja, kwa jina lake, aisome. Kama mtu huyo hayupo, msijisumbue kufunga AIDE.