Viduara Vyekundu

Ndani ya feri sote ni viziwi. Injini za MV Nyayo zikishaanza kunguruma, watu wamebanana na mikokoteni, mtu wa Likoni humsemesha mwenzake kwa macho, kidevu na midomo. Nilikulia Timbwani, na pale majini ndipo pekee nilipowazidi wenzangu: nilimsoma mtu midomo akiwa upande wa pili wa chombo. Tukishuka ng'ambo, wao hurudi kusikia, mimi nabaki vilevile.

Nyumbani jambo hili halikuwa na jina. Mamangu akisema "masikio yake mazito" na kulaumu sindano za kwinini nilizodungwa utotoni. Nyanya akilaumu jicho la watu. Shuleni nikikaa mbele, upande wa kushoto, ili sikio la kulia, lenye afadhali, limwelekee mwalimu. Walimu wakadhani ni bidii.

Mwaka 2011, chuoni, hila hiyo ikakwama. Ukumbi mpana, feni zinavuma, mhadhiri anafundisha huku anaandika ubaoni, mgongo kwetu. Nikamfuata ofisini nikamwomba atugeukie akisema, na anipe maandishi ya somo mapema. Akanitazama.

"Mbona sasa wanisikia?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nilete karatasi.

Karatasi yenyewe ilianzia hospitali, kwenye kijichumba kilichovalishwa sponji ukutani, hedfoni kichwani, kitufe mkononi. Ukisikia mlio, bonyeza. Nikabonyeza hata nisiposikia. Miaka yote nilikuwa nimejifunza kuitikia kwa kichwa, na sasa nikaogopa kufeli mtihani ambao kuufeli ndiko kungenifaa! Mtaalamu akafungua mlango. "Mwanangu, usinisaidie. Ukikosa, kosa."

Tukaanza upya. Alipomaliza akanionyesha mchoro: viduara vyekundu vya sikio la kulia, alama za X za buluu za kushoto. Kwenye sauti nzito mstari ulitulia karibu na desibeli 30. Ulipopita hezi 2000 ukaporomoka hadi 70. Akagusa mahali pa mporomoko kwa ncha ya kalamu: hapa ndipo zinapokaa s, sh na f. Kumbe ndiyo sababu "suka", "shuka" na "fuka" kwangu ni neno moja, mpaka niuone mdomo. Sauti ya mhadhiri nilikuwa naipata. Maneno ndiyo yaliyokuwa yakimwagika njiani. Na yule bwana hakukosea, ofisini nilimsikia kweli, tena vizuri, kwa kuwa alinikabili uso kwa uso.

Zikafuata fomu ya tathmini, saini, mihuri, na usajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya 2003. Neno hilo "ulemavu" lilimchoma mamangu. "Ulemavu wa nini, na miguu unayo?" Usiku akauchukua mchoro, akauangalia chini ya taa, akafuata mstari kwa kidole hadi ulipoanguka.

"Huku chini ndiko nilikokuwa nikikuita?"

Barua yangu kwa chuo niliiambatanisha na nakala ya mchoro na kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu. Nikapewa maandishi ya somo kabla ya kipindi, na matangazo ya mtihani yakawa yanaandikwa ubaoni. Kila muhula nilibeba nakala mpya kwa wahadhiri wapya. Nina kinyongo kidogo na karatasi ile, nikiri: imepimwa ndani ya kimya, na hakuna anayefundisha ndani ya kimya. Lakini haikuulizwa hata mara moja mbona inasikia.

Mamangu haniiti tena kutoka jikoni nami niko uani. Huja, akafuta mikono kwa leso, akanizunguka mpaka mbele, ndipo akasema chai i tayari.