Kaye ya Baba Mdogo

Tukisikia sauti ndani ya redio tunafikiri mutu anaikaa tu mbele ya mikro na kusema. Mimi pia niliwaza hivyo mpaka tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho, volkano Nyiragongo ilipopasuka na mbingu ya Goma ikakuwa nyekundu.

Baba mdogo ni mwandishi wa habari. Watu walikimbilia Gisenyi na Sake, yeye akageuka upande wa redio. Mama mdogo, mtoto mgongoni, akamuuliza: "Kumbe mikro inapita watoto wako?" Hakujibu. Akanibebesha bido ya esansi, maana umeme ulikatika, na pasipo gurupu hakuna sauti.

Mule ndani ni moshi, joto, na telefone zinalia bila kupumzika. Kila habari aliiandika katika kaye: nani anasema, anasimama wapi, aliona mwenyewe ao alisikia. Kama watu wawili wasiojuana hawakuihakikisha, haisomwi.

Karibu saa nne ya usiku mutu mmoja akapiga: moto umeingia mtaa wetu. Mtaa wetu!

"Uliona na macho yako?"

"Hapana, wananiambia."

Akaandika, akaweka alama ya kuuliza. Telefone ya mama mdogo haikupita. Nikalia: "Baba, sema basi, mama ako kule!" Akisema, na ni uongo, watu watakanyagana gizani. Akinyamaza, na ni kweli... Mkono wake ulitetemeka, niliuona. Akatuma motari aende kuangalia. Dakika makumi ine. Sijangoja namna ile hata siku ya proklamasio.

Motari akarudi: hakuna moto kule, lakini watoto wengi wanapotea barabarani. Tangu pale mpaka asubuhi baba mdogo alisoma majina ya watoto, mpaka sauti ikakauka. Moto uliishia Buhene, si mbali na uwanja wa ndege.

Siku ya Mungu mama mdogo akarudi kutoka Sake, miguu imevimba. Hakumsalimia. Akamuwekea bugali na sombe, akaenda kulala. Baba mdogo alikuwa amesinzia mezani, kaye chini ya shavu. Nikaifungua polepole. Kwenye jina la mtaa wetu alama ya kuuliza ilifutwa, na pembeni: "Si kweli. 22 h 50."

Tarehe 27 gavana akaamuru mitaa 10 ya mji ihame. Mama mdogo akaanza kufunga mizigo. Baba mdogo alinitafuta kwa macho. Bido ilikuwa tupu.