Nauli Mfukoni

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, lakini uzito wake sikuujua mpaka mwaka 2023, nilipoanza kupanga safari ya miguu ya siku kadhaa, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili: binti wa miaka kumi na mmoja na mdogo wake wa miaka sita.

Safari yenyewe haikuwa ya kutisha. Tungepanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, tuvuke kwenda Kilwa Kisiwani tulale usiku mmoja, turudi Masoko, kisha tutembee hadi Kilwa Kivinje nyumbani kwa baba yangu, mwendo wa karibu kilomita 30 kwa barabara. Njia hiyo ilikuwa na maana kubwa kwangu. Mwaka 1986, nikiwa na umri wa miaka sita, baba alitutembeza mimi na dada yangu kutoka Masoko hadi Kivinje kwa siku mbili. Tulihesabu minazi, tukala mihogo ya kuchoma, tukalala chini ya mwembe. Dada yangu alibebwa mgongoni karibu njia nzima, baba akisema yeye ni ngamia wa sultani, nami nikamwonea wivu dada. Kwa miaka yote siku zile mbili nilizihesabu kuwa bora kuliko zote za utoto wangu. Nilitaka watoto wangu, waliozaliwa mjini na kuzoea kupelekwa shule kwa gari, wazionje nao.

Basi nikachukua karatasi nikaanza kupanga. Kwanza nilipanga majira. Watoto wetu wana likizo mbili ndefu, ya Juni na ya Desemba. Desemba kuna joto kali, na mvua za vuli huenda hazijaisha. Juni masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, asubuhi kuna baridi kidogo na njia ni kavu. Tatizo la Juni ni kusi, upepo unaochafua bahari, hasa mchana. Nikaandika: Juni, na kuvuka ni asubuhi.

Pili nilipanga mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Watu wanne, kila mmoja lita mbili kwa siku, ni kilo nane kabla hujatia chakula wala chandarua. Binti angebeba shanta ndogo yenye nguo zake. Mdogo wake angebeba kofia na chupa yake ya maji, basi. Nikaandika chandarua, tochi, kanga mbili, mkeka, chumvi na sukari ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha, korosho, tende na mikate ya kumimina. Nikawanunulia watoto viatu vipya vya ngozi, nikajisifu moyoni kwamba sikusahau kitu.

Mke wangu aliisoma karatasi ile hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Na mtoto akishindwa katikati ya njia?"

"Hatashindwa," nilimjibu. "Mimi nilikuwa na umri huohuo, wala sikushindwa."

Hakunijibu. Alinirudishia karatasi yangu.

Siku ya Idi el-Fitri mwezi Aprili nilikwenda Kivinje kumwamkia baba, karatasi ikiwa mfukoni. Tuliketi barazani, akavaa miwani yake, akaanza kuikagua kama mwalimu akaguavyo daftari la mwanafunzi.

Kosa la kwanza aliliona upesi. Nilikuwa nimepanga kuvuka asubuhi ya siku mbili baada ya mwezi kuandama. "Mwanangu, hiyo ni bamvua," alisema. "Kwetu huku, wakati wa bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Utamshusha mtoto kwenye tope, au utangoja jioni uvuke na upepo. Ngoja mwezi wa saba au wa nane, maji mafu. Hapo bahari hujaa saa za asubuhi, na mkondo hauna nguvu." Akahesabu kwa vidole, akaona kwamba tukivuka karibu na mwezi saba Mfungo Tatu tutafika kwake Idi Kubwa ikibisha hodi. Nilicheka kwa furaha. Kalenda yangu ya ukutani isingenipa jambo hilo.

Kisha akauliza, "Nauli umeiandika wapi?"

"Ya basi la kuja Masoko ipo, baba."

"Ya Masoko hadi hapa."

"Baba, hapo tunatembea."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu, akakaa kimya kwa kitambo.

"Unafikiri mwaka ule tulitembea kwa sababu gani?" aliuliza.

Nikamweleza: minazi, mihogo, ngamia wa sultani. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema dada yangu alikuwa na homa kali, naye alimpeleka Masoko kutibiwa, nami akanichukua kwa kuwa hakukuwa na wa kuniachia. Nauli ya kurudi ilinunua dawa. Alijaribu kukopa, asipate. Kwa hiyo akambeba mgonjwa, akanishika mimi mkono, na kutunga habari ya ngamia ili nisilie.

"Usiku ule chini ya mwembe sikulala," alisema. "Nilikuwa nasikiliza pumzi zake. Zikitulia naogopa, zikienda mbio naogopa."

Sikuwa na la kusema. Jambo nililotaka kuwarithisha wanangu kama hazina, baba angelikwepa kwa furaha kama angekuwa na fedha mfukoni.

Alipoona nimeinama alicheka kidogo. "Kutembea si vibaya," alisema. "Waonyeshe watoto nchi yao. Lakini weka nauli mfukoni kwanza, ndipo utembee. Mwenye nauli akitembea amependa. Asiye nayo amelazimika."

Niliporudi Dar es Salaam nilimpigia simu dada yangu, ambaye ni mzima hadi leo. Nilimuuliza anakumbuka nini. Alisema anakumbuka jasho la mgongo wa baba.

Tulisafiri mwishoni mwa Juni. Tulichukua kibali cha kuzuru magofu pale Masoko, tukavuka kwa mashua maji yakiwa yamejaa, shwari, kama baba alivyohesabu. Kisiwani watoto walikimbia kati ya nguzo za Msikiti Mkuu. Huko Husuni Kubwa, jumba lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, walizunguka bwawa la kuogelea wakihesabu pembe zake. Niliwaambia kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Mdogo akauliza kama naye alikuja kwa miguu.

Kutoka Masoko tulitembea saa mbili asubuhi na saa moja jioni, katikati tukapumzika kivulini, na usiku tukapata hifadhi kwa watu wema. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, mtoto alianza kuchechemea. Nilimvua kiatu. Viatu vyangu vipya vya kujisifu vilikuwa vimempa lengelenge kubwa kisiginoni, nalo limepasuka. Hakulalamika, machozi tu yalimtoka. Ndugu msomaji, nakiri kwamba ulimi wangu ulikuwa tayari kusema, "Jikaze, ni karibu." Nilitaka kufika kwa baba kwa miguu, sote wanne.

Mke wangu alikuwa ananitazama. Nikatia mkono mfukoni, nikazitoa zile fedha. Gari dogo la abiria liliposimama, yeye na mtoto wakapanda. Binti alikataa kupanda. Alitaka kutembea, basi tukatembea, mimi naye, tukihesabu minazi hadi Singino, kisha tukateremka Kivinje jua likiwa limeinama.

Tulimkuta baba barazani, mjukuu wake amepakatwa, mguu umo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu na chumvi. Mtoto alikuwa anamsimulia jinsi dereva alivyomkalisha kiti cha mbele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba.

"Nauli mliitumia?" aliuliza.

"Tumeitumia, baba."

"Alhamdulillahi," alisema, akamwongezea mtoto maji ya moto kwenye beseni.