Mgeni Aliyekuja na Kitanda Chake

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakunena lolote kuhusu mgeni ajaye na kitanda chake, meko yake na dumu la maji yake mwenyewe. Mgeni wa aina hiyo alipanda mlima kutoka Mwatate alasiri moja ya Desemba 2023 akielekea Werugha alikozaliwa, mkewe kando yake, nao ukungu ukiteremka taratibu kutoka kilele cha Vuria.

Kwa miaka 31 mzee huyo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alilala Mariakani, Mtito Andei, Salgaa na Malaba, daima katika kile kitanda chembamba kilicho nyuma ya usukani. Agosti 2019 ilipotolewa amri kwamba makasha yaendayo bara yasafirishwe kwa reli mpya, amri iliyozua maandamano mjini Mombasa, tajiri wake aliuza malori. Dereva akabaki na akiba kiduchu na mazoea ya kulala safarini. Alinunua mnadani gari kuukuu lililowahi kubeba wagonjwa, akalitia kitanda cha mbao, meko ya gesi, taa za sola na mapazia aliyoyashona mkewe. Majirani wa Changamwe waliliita nyumba ya magurudumu. Watalii wenye magari ya namna hii si ajabu katika njia za Tsavo. Mtaita aliyestaafu kuwa nalo ni kioja.

Waama, katika miaka hiyo yote alikuwa amepita Voi mara zisizo na idadi bila kukunja kushoto. Kutoka Voi hadi Mwatate, kisha Wundanyi na hatimaye Werugha, hata mwendo wa saa mbili haufiki. Lakini mzigo una saa zake, na mtu aliyezoea kupita hupita. Mara ya mwisho kufika ilikuwa 2009, alipomleta nduguye kuzikwa.

Hapo ndipo lilipoanzia tatizo ambalo hakulitarajia. Walipokwisha kupita Wundanyi na kuanza kuzunguka kona za Werugha, kati ya matuta ya kabichi na nyanya, watu walisimamisha majembe. Wanaume walivua kofia. Bibi kizee mmoja mwenye mzigo wa kuni mgongoni alilisogelea dirisha, akauliza kwa sauti ya chini, "Mnamleta nani?"

Mzee hakuelewa mara moja. Ni mkewe aliyetambua. Gari refu jeupe lenye mapazia yaliyofungwa, likitokea Mombasa na kupanda polepole jioni, hubeba jambo moja tu katika vilima vile. Wana wa Werugha waliokwenda mjini hurudi hivyo.

"Hatumleti mtu, mama," mzee alijibu. "Ni mimi nimekuja."

Bibi alimtazama kitambo. "Basi ni vyema umekuja ukiwa umeketi," alisema, akaendelea na njia yake.

Habari mbaya ilikuwa imewatangulia. Walipofika, mjane wa nduguye alikuwa uani, mikono kichwani, na majirani watatu wakimshika. Kilio kiligeuka kicheko, kicheko kikageuka kilio tena, na watoto wakaanza kupanda na kushuka garini wakiwasha na kuzima taa. Jogoo alichinjwa. Kimanga kilipondwa. Yalizungumzwa ya bei ya nyanya huko Kongowea na ya baridi inayowakausha watu wa pwani midomo. Kisha mjane aliwaonyesha chumba. Kitanda kilitandikwa shuka mpya, ambazo mikunjo ya dukani haijatoka, na blanketi mbili.

"Usijisumbue, shemeji," mzee alisema. "Sisi tutalala garini. Kila kitu kimo."

Alidhani anampunguzia kazi. Si ajabu wengi wangedhani hivyo, maana adabu ya mjini hupimwa kwa jinsi mtu asivyowachosha wenzake. Mjane aliinamisha uso, akaizima taa ya chumba kile pasi na neno. Mkewe mzee alimfinya mkono, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Usiku ule hawakulala vyema. Werugha iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na bati la gari halina huruma kwa watu wa Changamwe. Ila baridi haikuwa peke yake. Kiswahili kina hekima ya kutenga makazi na kwao mtu: ukiulizwa unakaa wapi, unataja mtaa, ukiulizwa kwenu ni wapi, unataja mlima, hata kama huna kibanda huko. Mzee alikuwa kwao, hatua ishirini kutoka kaburi la babake, naye amelala katika mahali ambapo si kwa mtu yeyote.

Alfajiri mjane aligonga kioo. Alimwomba wafuatane. Waliteremka matuta hadi penye mstari wa masale, akauonyesha ukanda wa ardhi uliojaa kabichi.

"Hiki ndicho chako, shemeji. Nimekilima miaka 14. Sijauza hata hatua moja." Alinyamaza, kisha akamaliza lililomkesha. "Nilipoona umekuja na nyumba, na ukakataa yangu, nilijua umekuja kuiweka hapa. Nami sina karatasi."

Ni kweli hakuwa nayo. Hati ya shamba lote ilikuwa bado na jina la baba mkwe, aliyefariki 1994. Mirathi haikuwahi kufunguliwa. Sheria ya urithi ya Kenya inamtambua mjane, lakini sheria husomewa aliyefika mahakamani, na safari ya mahakamani huanza kwa barua ya chifu ambayo hakuna aliyejitokeza kuiomba. Nduguye alikufa akisubiri mkubwa wake akunje kushoto pale Voi.

Mzee alichuchumaa akashika udongo. Hakutoa hotuba. Aliuliza tu kama ofisi ya chifu hufunguliwa mapema.

Walikwenda asubuhi hiyohiyo, Ijumaa, mjane akiwa kiti cha mbele, naye mke wa mzee nyuma, juu ya kitanda. Chifu hakuwapo. Alikuwa mkutanoni Wundanyi, wakaambiwa warudi Jumatatu na vyeti vya vifo, cha baba na cha ndugu.

Usiku wa pili wenyeji na wageni walilala chini ya paa moja. Gari walilala watoto, sita, wakagombania upande wa dirisha hadi usiku wa manane.

Jumamosi asubuhi, wakati mzee akinywa chai mlangoni, mjane alipita na majembe mawili begani. Moja alimwachia.