Damu ya Mzee

"Daktari, atashona tena?"

Ndilo swali nililomtupia daktari kijana, asubuhi ya pili wodini. Baba ni fundi cherehani. Kiharusi kilimpiga kulia, mkono ule ule wa mkasi. Alishatolewa damu mara mbili, na mimi kwa ujuaji wangu nikadhani zile chupa ndogo zina jibu, ila watu wanatuficha.

Kumbe wapi! Moyo ukiumia, protini ya troponini huvuja kwenye damu, daktari akaisoma. Ubongo nao huvujisha. Nyuzi za neva zikiharibika hutoa nyurofilamenti nyepesi, protini ambayo hupanda kwenye damu kwa siku na wiki kadhaa baada ya kiharusi. Lakini ni kiduchu mno. Hupimwa kwa pikogramu, yaani gramu moja igawe mara trilioni, na mitambo ya kuiona sawasawa kwenye damu ilianza kupatikana miaka ya 2010. Tafiti zinaonyesha kuwa mwenye nyingi kwa kawaida hupona kwa shida zaidi. Kwa kawaida, yaani ukichukua kundi zima la wagonjwa. Sasa mzee wangu ni kundi?

Halafu protini yenyewe inahesabu kilichoharibika, haisemi kimeharibika wapi. Doa dogo likikaa kwenye njia ya mkono, mkono umekwenda. Doa kubwa likikaa kwingine, huenda ukashika kikombe chako kama jana.

Daktari hakunicheka. Akamwinamia baba.

"Shikamoo mzee."

Marahaba ikatoka nusu.

"Hebu sogeza mkono utoke ubavuni. Haya, nyoosha vidole."

Tukangoja. Jamani, tulingoja! Mkono ukasogea upana wa sanduku la kiberiti. Kisha kidole cha shahada kikanyooka kidogo, kama anapapasa kitambaa cha mteja asiyemwamini.

Nje ya wodi akanieleza. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walitoa hesabu yao: mgonjwa anayeweza mambo hayo mawili, hata kidogo, ndani ya saa 72, ana uwezekano wa asilimia 98 wa kurudiwa na ustadi kiasi fulani wa mkono baada ya miezi 6. Asiyeweza lolote kati ya hayo, asilimia 25. Bila sindano, bila maabara.

"Kiasi fulani," nikamkamata hapo hapo.

"Ndiyo. Kutunga uzi sijakuahidi."

Nilimchukia kwa hiyo sentensi, kama wiki mbili hivi.

Huu ni mwezi wa tisa. Mzee anakanyaga cherehani, mkono wa kulia umelalia kitambaa kisikimbie, wa kushoto unafanya yaliyobaki. Uzi namtungia mimi. Jana kanigombeza kwamba naulamba mno, unavimba.